Ukope Uliolegea: Muone Daktari Kabla ya Saluni

Jitazame katika kioo. Huenda ukagundua kuwa kope zako za juu hazilingani sawasawa. Usihofu. Nyuso nyingi ziko hivyo, na tofauti ya milimita 1 ni jambo la kawaida. Lakini ukope mmoja ukishuka hadi kukaribia mboni, yafaa ujue sababu.

Hapa Kedowa, kando ya barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru, sawa na huko mjini, wapo wanaokimbilia utepe wa kunata, gundi ya kope au sindano za urembo. Siwalaumu. Kutaka uso unaolingana si majivuno. Ninalopinga ni kununua tiba kabla ya kuujua ugonjwa.

Jiulize kwanza: ukope huu ulianza kushuka lini?

Ikiwa umeshuka kwa ghafla, hasa ikiwa kichwa kinauma sana, unaona vitu viwili viwili, au mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, hiyo ni dharura. Huenda mshipa wa damu ubongoni umevimba. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ikiwa asubuhi uko sawa na jioni unalegea, yawezekana ni miasthenia, maradhi yanayodhoofisha misuli. Hayo hutibiwa kwa dawa, na yakifika kwenye misuli ya kupumua yanaweza kuua.

Ikiwa ni mtoto aliyezaliwa hivyo, usingoje akue. Ukope unaofunika mboni huuzuia ubongo kujifunza kuona kwa jicho hilo, na akishapita umri wa miaka 7 au 8 ni vigumu kurekebisha.

Daktari akiridhika kuwa hakuna ugonjwa mwingine, njia zipo. Kuna matone ya macho ya oksimetazolini, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ambayo huinua ukope kwa milimita 1 hivi kwa saa kadhaa. Usiyachanganye na matone ya pua yenye jina hilo. Hayo usiyatie jichoni kamwe. Botoksi nayo haiutibu msuli uliolegea. Kinyume chake, ikidungwa vibaya inaweza kuushusha ukope kwa majuma kadhaa.

Tiba ya kudumu ni upasuaji. Daktari huufupisha msuli unaoinua ukope. Msuli ukiwa dhaifu mno, huuunganisha ukope na msuli wa paji la uso. Mtu mzima kwa kawaida hutiwa ganzi tu, akabaki macho, ili daktari azilinganishe kope zote mbili. Asikuahidi mtu miujiza: wengine hulazimika kurudia upasuaji, na wengine jicho halifungi vizuri, likakauka.

Kwa hiyo, anza kwa daktari wa macho. Sisi wa huku tuna Hospitali ya Tenwek, Bomet. Walio karibu na Nairobi wana Hospitali ya Kikuyu. Na unapokwenda, chukua picha zako za zamani, hata ile ya kitambulisho. Picha hiyo itamwonyesha daktari mara moja kama ukope wako umekuwa hivyo miaka yote, au umebadilika juzi tu.