Mishipa ya Fahamu na Protini Iikuzayo



Wako watoto wanaozaliwa hawajui maumivu hata kidogo. Mama humwona mwanawe ameshika sufuria ya moto wala halii. Meno yakimtoka, huutafuna ulimi wake na ncha za vidole vyake mpaka zikatoka damu, naye yu katika kucheza. Huvunjika mguu akaendelea kuutembelea, hata watu wakatambua kwa kuuona umevimba na kupinda. Tena mtoto huyo hatoki jasho. Kwa hiyo siku za joto mwili wake huwaka kama tanuri, na baadhi yao hufa wangali wachanga kwa joto hilo. Mtu mwenye maumivu ya jino akisikia habari hii huenda akatamani angekuwa kama mtoto yule. Wazazi wake hawatamani hivyo.

Maradhi haya ni haba sana duniani. Katika mwaka 1996 wataalamu wa Japani walipambanua asili yake, nayo ni kasoro katika jeni moja, ile itengenezayo mlango ambao kwao protini fulani huzipa amri seli za fahamu. Protini hiyo ipo mwilini mwa mtoto, ila inabisha na mlango haupo. Mtoto hupatwa na maradhi haya anaporithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia, nao wenyewe huwa wazima hawana dalili yoyote. Ndiyo sababu huonekana zaidi katika jamaa wanaooana wao kwa wao, na sisi tuliozoea kumwoza binamu kwa binamu yafaa tulijue jambo hilo.

Protini yenyewe wataalamu huiita kwa herufi tatu, NGF, maana yake kikuza mishipa ya fahamu. Habari ya kugunduliwa kwake ningependa isomwe na vijana wetu, hasa wale wasemao kuwa ilimu haipatikani pasipo vifaa vya thamani. Rita Levi-Montalcini alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Turin, Italia, katika nyumba ya Kiyahudi, akahitimu udaktari mwaka 1936. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi zilizowafungia Mayahudi milango ya vyuo vikuu. Bibi huyu aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Sindano za kushonea alizinoa zikawa visu vyake, na mayai ya kuku yakawa kitu cha kuchunguzwa. Mabomu yalipouandama mji, alihamia shamba na vifaa vyake, akawa akizunguka kwa wakulima kutafuta mayai. Na yaliyosalia baada ya kazi yalikwenda jikoni, kwani zilikuwa siku za dhiki.

Vita vilipokwisha, mwaka 1947 Viktor Hamburger alimwita St. Louis, Marekani. Alikwenda kwa nia ya kukaa miezi michache, akakaa karibu miaka 30. Huko ilionekana ya kuwa kipande cha uvimbe wa saratani ya panya kikipandikizwa katika kifaranga kingali ndani ya yai, mishipa ya fahamu humea kwa wingi usio wa kawaida. Yeye alishika kuwa uvimbe ule unatoa kitu. Mwaka 1952 alipanda ndege kwenda Rio de Janeiro amewachukua panya wawili wenye uvimbe, na huko, chini ya hadubini, akaona nyuzi za fahamu zimechanua pande zote kama miale ya jua. Mwenziwe Stanley Cohen ndiye aliyekisaka kitu chenyewe. Alipotia sumu ya nyoka kwa kusudi jingine kabisa, aliona sumu ile imejaa kitu kilekile kwa wingi mno. Hapo akakumbuka kuwa tezi za sumu za nyoka ni ndugu wa tezi za mate; akakitafuta katika tezi za mate za panya dume, akakipata tele. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, na Bibi Rita alifariki mwaka 2012, umri wake miaka 103.

Sasa, kazi ya protini hii ni nini? Kiumbe kingali tumboni, seli za fahamu huzaliwa nyingi kupita haja, na kila moja hupeleka uzi wake kuelekea ngozi au kiungo fulani. Huko ziendako, NGF hutolewa kidogo tu. Ni mfano wa wageni wengi waliojia sinia moja: seli iliyofika na kupata riziki yake huishi, na iliyokosa hufa. Panya wachanga walipodungwa dawa ya kuiondoa protini hii, sehemu kubwa ya mishipa yao ya fahamu, ile isiyotawaliwa na hiari, ilikufa.

Mtu akishakuwa mkubwa, protini hiyohiyo hushika kazi nyingine. Mahali palipoumia au kuvimba huitoa kwa wingi, nayo huzidisha wepesi wa mishipa ya maumivu, hata mguso mdogo ukauma. Goti la babu lililosagika limejaa kitu hicho. Basi ikatengenezwa dawa ya sindano, tanezumab, ya kuikamata NGF isifike kwenye mishipa. Wagonjwa wengi walipata nafuu ya kweli. Lakini baadhi yao viungo vyao viliharibika kwa upesi wa kutisha, hata wengine wakahitaji kuwekewa vya bandia, na moja ya sababu zinazodhaniwa ni kuwa walilikanyagia goti bovu kama kwamba ni zima. Mwezi wa Machi 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura: 19 walikataa ya kuwa manufaa yake yatazidi madhara hata kukiwekwa hadhari, mmoja tu akakubali. Mwaka huohuo wenye dawa wakaiacha.

Kinyume chake pia kilijaribiwa. Ugonjwa wa sukari huua mishipa ya fahamu ya nyayo, hata mtu akakanyaga msumari asijue, na kidonda kikaoza. Wagonjwa wa sukari zaidi ya 1,000 waliingizwa katika jaribio la sindano za NGF lililomalizika mwaka 1999, baadhi yao wakidungwa NGF na wengine sindano isiyo na dawa. Waliodungwa NGF hawakupata faida, ila mahali pa sindano palikuwa pakiuma. Mpaka leo mwenye sukari hana budi kuzitazama nyayo zake kila usiku kwa macho, au mjukuu amtazamie.

Penye jicho tu ndipo ilipofaa. Kioo cha jicho kikifa ganzi, hufanya vidonda visivyopona, na mtu huweza kupofuka. Matone ya NGF, itengenezwayo na bakteria waliopewa jeni ya mwanadamu, yaliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Yametoka Italia, nchi ya Bibi Rita. Hutiwa mara sita kwa siku muda wa wiki nane, na bei yake ni kubwa mno, mbali na mfuko wa mtu wa kawaida.