Fedha za Familia Nazo ni Elimu ya Kusomewa



Kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita, wazazi wengi huwaendea maimamu na walimu kutaka ushauri: kijana akasome nini? Majibu huwa ni yale yale. Mwenye alama nzuri za sayansi huelekezwa kwenye udaktari au uhandisi, mwenye kipaji cha maneno huambiwa asome sheria, na aliyefaulu hesabu hupelekwa kwenye uhasibu ili aje kuhesabu fedha za kampuni au za serikali. Hatuna ugomvi na fani hizo, kwani jamii inazihitaji zote. Lakini katika toleo hili tunapenda kuuliza: ni nani miongoni mwa vijana wetu anayekwenda chuo kikuu kusomea fedha za nyumba, yaani namna familia inavyochuma, inavyotumia, inavyokopa, inavyoweka akiba, na inavyojiandaa kwa ugonjwa, uzee na mauti?

Wapo watakaosema kuwa hilo si jambo la kusomewa. Watasema kwamba mama zetu waliendesha nyumba bila ya shahada yoyote, na watoto wakala, wakavaa na wakasoma. Hilo ni kweli na tunawaombea mama zetu malipo mema. Hata hivyo, mama zetu hawakuwa na mkopo wa kwenye simu, wala fomu ya mafao ya uzeeni yenye nafasi ya kujaza majina ya wategemezi, wala hati ya kiwanja inayotakiwa na benki. Leo kijana wa Tanzania aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, kwa mujibu wa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016. Huyo huyo anasubiriwa na mahari, kodi ya nyumba, ada za wadogo zake, na michango ya harusi na misiba isiyokwisha. Mambo yanapokuwa mengi kiasi hiki, busara peke yake huelemewa, na hapo ndipo elimu inapohitajika.

Elimu hiyo ipo. Huko Marekani mambo ya nyumba yalianza kutafutiwa nafasi katika vyuo zamani. Mwaka 1899, katika mji wa Lake Placid, mkemia Ellen Richards na wenzake walianza mfululizo wa mikutano iliyozaa, mwaka 1909, chama cha wataalamu wa sayansi ya kaya. Miaka mingi baadaye, mwezi Desemba 1969, watu 13 walikutana Chicago wakitaka kazi ya kushauri familia juu ya fedha iwe taaluma yenye mafunzo na mitihani yake, badala ya kuwa maneno ya mchuuzi wa bima. Wahitimu wa kwanza wa mafunzo hayo, mwaka 1973, walikuwa 42 tu. Baadaye vyuo vikuu viliichukua fani hiyo. Inafaa kuzingatia kwamba katika vyuo kama Texas Tech na Kansas State, somo hili halikuwekwa katika kitivo cha biashara, bali katika kitivo kinachoshughulikia binadamu na familia yake. Vyuo vikuu kadhaa vya nyanda za kati za nchi hiyo vimeungana hata kufundisha kwa masafa shahada ya uzamili ya mipango ya fedha za familia.

Mwanafunzi wa fani hii husoma bima na namna ya kujikinga na majanga, uwekezaji, kodi, maandalizi ya uzee, na mgawanyo wa mali baada ya kifo. Mwishoni hupewa familia moja, na mapato yake, madeni yake, watoto wake na matumaini yake yote, akaambiwa aiandikie mpango. Tangu mwaka 2021 imeongezwa pia saikolojia ya fedha, kwani ilibainika kuwa watu wengi hujua la kufanya ila hawalifanyi.

Je, tuuchukue mtaala huo kama ulivyo? Hapana. Umejengwa juu ya kodi na akaunti za uzeeni za nchi yao, na sehemu kubwa ya uwekezaji wake ni wa riba. Mwenye mali kule huweza kuusia kwa kiasi kikubwa apendavyo, hali ya kuwa Muislamu hana ruhusa ya kuusia zaidi ya theluthi. Na familia inayozungumzwa humo ni baba, mama na watoto, ilhali familia yetu ina shangazi, mjomba, yatima wa ndugu, na bibi aliyeko kijijini. Kwa hiyo tunahitaji watu wetu wenyewe, wenye kuijua elimu hiyo na wenye kuzijua nyumba zetu.

Tuchukue mfano ulio karibu na kila msikiti. Mtu amefariki, wazazi wake wametangulia, na ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mali yake ni nyumba moja ya thamani ya shilingi milioni 60. Madeni yake pamoja na gharama za mazishi ni milioni 12. Sheikh wetu atalipiga hesabu jambo hili kwa dakika chache: zinabaki milioni 48, mke ana thumuni, nayo ni milioni 6, milioni 42 zilizobaki ni za watoto, kila wa kiume milioni 12 na kila wa kike milioni 6. Hesabu imekamilika, na mafungu hayo ameyaweka Mwenyezi Mungu mwenyewe, wala hatuna la kuongeza wala la kupunguza.

Lakini nyumba ni moja. Mwenye deni anataka fedha zake, na mtoto mkubwa anataka fungu lake akaanze biashara. Nyumba inauzwa. Mjane anatoka na milioni 6 mkononi na watoto wadogo ubavuni. Wataishi wapi? Pengine mama huyo alitoa fedha za matofali na za bati kutokana na biashara yake ya miaka mingi, lakini hakuna palipoandikwa, na hati ina jina moja tu. Sehemu iliyokuwa mali yake halali imeingizwa katika mirathi na kugawiwa wengine, na hakuna anayeweza kuthibitisha vinginevyo.

Hapa ndipo ilipo tofauti tunayotaka ionekane. Elimu ya mirathi hutuambia namna ya kugawa kilichobaki. Elimu ya mipango ya fedha za familia huuliza, miaka 20 kabla ya mauti, ni nini kitakachobaki na nani atakuwa hana pa kulala. Mume huyo asingeweza kumuusia mkewe nyumba, kwani mrithi hausiwi ila warithi wengine wakiridhia. Lakini angeweza kuandikisha mchango wa mkewe katika hati. Angeweza, akiwa mzima, kutoa hiba na kuikabidhi kwa masharti yake. Angeweza kulipunguza deni kidogo kidogo, kujiunga na takaful pale inapopatikana, na kuweka akiba isiyoguswa. Yote haya ni halali, na yote yanahitaji mtu wa kumkalisha chini mapema na kumwonyesha kwa tarakimu.

Waislamu waliolitazama jambo hili kielimu wapo. Mwaka 1959, nchini Malaya, mchumi wa chuo kikuu Ungku Aziz aliandika pendekezo kuhusu hali ya watu wa vijijini waliotaka kuhiji. Wengi wao walificha fedha majumbani kwa kuogopa riba ya benki, au waliuza mashamba na mifugo, wakarudi kutoka Makka wakiwa mafukara. Akapendekeza mfuko wa akiba usio na riba. Mfuko ulianza kazi mwaka 1963, nao ndio unaoitwa leo Tabung Haji, wenye mamilioni ya waweka akiba. Haukukosa mitihani: mwaka 2018 ilitangazwa kuwa madeni yake yalizidi mali zake, na serikali ikalazimika kuuokoa. Hata hilo lina fundisho, kwamba fedha za watu zahitaji elimu mwaka hadi mwaka, wala nia njema haitoshi.

Kwetu, vipande vya elimu hii vimetawanyika. Chuo cha Usimamizi wa Fedha jijini Dar es Salaam hufundisha bima na hifadhi ya jamii. Chuo Kikuu cha Sokoine kimekuwa kikifundisha masuala ya familia na walaji. Sheria husomeshwa katika vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, na Zanzibar ina mahakama za kadhi pamoja na Kamisheni ya Wakfu yenye uzoefu wa kugawa mirathi. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha vipande hivyo akavileta mpaka sebuleni kwa familia.

Kwa hiyo tuna mambo matatu ya kuusia. Kwanza, wazazi na vijana wasiidharau njia hii. Kijana anayesoma uhasibu, sheria, bima au sayansi ya kaya anaweza kuufanya utafiti wake wa mwisho uhusu familia za mtaa wake: zinakopa wapi, kwa nini, na zinalipaje. Pili, vyuo vyetu vifikirie kuanzisha walau kozi fupi inayokutanisha fiqhi ya mali na hesabu ya nyumba. Tatu, kamati za misikiti zimpe mhitimu wa namna hii nafasi ya kukaa na maharusi kabla ya nikaha, na wazee kabla ya kustaafu.

Faida yake haitachelewa. Mama anayekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, katika mikopo ambayo mitaani imepewa jina la kausha damu, akilipa riba peke yake kwa miezi 10 atakuwa ametoa shilingi 300,000, na deni lake bado liko pale pale. Angekuwepo wa kumwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hajaweka sahihi, huenda angeuza khanga zake badala ya kukopa.

Tunatoa pia tahadhari. Mshauri anayelipwa na muuzaji humshauri mtu anunue. Huko Marekani, ilibidi kanuni za taaluma hiyo zibadilishwe, kuanzia mwaka 2019, ili mshauri alazimike kutanguliza maslahi ya anayemshauri kila anapotoa ushauri wa fedha. Sisi neno hilo tunalijua kwa jina la amana. Elimu hii ikiwa mikononi mwa asiye na amana itakuwa ni mtego mpya kwa wajane na yatima.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Na Nabii Yusuf (a.s.) aliwaokoa watu na njaa kwa mpango wa miaka 7 ya kuweka akiba. Dini yenye mafundisho haya haiwezi kuona haya kumpeleka kijana wake chuo kikuu akasomee daftari la nyumba. Tunaziomba kamati zote ziliweke jambo hili katika ajenda za vikao vyao kabla ya majina ya watakaojiunga na vyuo mwaka huu hayajatoka.

Wabillahi tawfiq.