Tuiache Ferrari 400 iwe gari la safari

Wanaoibeza Ferrari 400 kwa viti vyake vinne na gia otomatiki wanaipima kwa kipimo cha gari la mashindano, ilhali ilitoka mwaka 1976 kwa ajili ya safari ndefu. Chini ya boneti mna V12 ya lita 4.8, ya ukoo wa injini za Gioachino Colombo ulioanza 1947. Na ile mistari iliyonyooka ya Pininfarina, kwangu, inapendeza kuliko Ferrari nyingi zenye bei kubwa. Kutoka Milan hadi Paris, gia otomatiki ni raha tupu. Ni kweli, gharama za matengenezo yake hazijashuka kama bei yake. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya gari lililotelekezwa, si dhidi ya muundo wake. Lenye kumbukumbu kamili za gereji ndilo la kununua, hata likiwa ghali zaidi.