Hesabuni Pumzi za Watoto

Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna kauli inayosikika katika nyumba nyingi za Njombe, Makete, Mbeya na Mufindi, na hata ng'ambo ya mpaka kule Limuru na Nyandarua nchini Kenya: "Ni mafua tu, yatapita." Na kweli, kwa watoto walio wengi hupita. Huyu atakohoa siku tatu, yule atatoka kamasi wiki nzima, kisha utawaona wote wako uwanjani wanacheza. Ndiyo maana tumezoea. Mazoea hayo ndiyo ninayotaka kuyapinga, kwa sababu miongoni mwa watoto hao wapo ambao mafua hayapiti. Yanashuka kifuani, yanazaa nimonia, na mzazi anakuja kushtuka mtoto ameshalegea.

Nimesimama katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya mikoa hiyo ya baridi, mwezi Julai. Kitanda kimoja watoto wawili, mmoja kichwa huku, mwenzake kule, na mama zao wameketi ukingoni kwa zamu. Mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma katikati ya vitanda, na hewa yake imegawanywa kwa mipira minne kwenda kwa watoto wanne. Mama mmoja alikuwa ameushika mpira kwa vidole viwili usichomoke puani mwa mwanawe, kwa kuwa plasta ilikuwa imeloa kamasi na haishiki tena. Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa mmoja. Anamwekea huyu dripu, anampima yule, anaitwa mlangoni kumpokea mwingine aliyeletwa kwa bodaboda. Asubuhi yake, kwenye foleni ya kuonana na daktari, walijaa watoto wenye kamasi za kawaida, wengine wakila maandazi na kukimbizana kati ya mabenchi.

Ndugu msomaji, angalia kilichotokea hapo. Waliohitaji kitanda walichelewa, na wasiokihitaji waliwahi. Mzazi wa mtoto mwenye kamasi alipata nafasi, nauli na wasiwasi wa kutosha kumfikisha hospitali kubwa alfajiri. Mzazi wa mtoto aliyekuwa akihema kwa shida alikaa nyumbani siku mbili, maana mtoto "hana homa kali." Wote wawili wanawapenda watoto wao. Wanachokosa ni kipimo. Msongamano wa hospitali zetu wakati wa baridi unaletwa na wingi wa wagonjwa, ndiyo, lakini unaletwa pia na sisi kutojua kupambanua nani aende wapi, na lini.

Kipimo kipo, na hakiuzwi. Ni pumzi za mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwafundisha wahudumu wa zahanati kipimo hiki kwa miaka mingi, na hakuna sababu mzazi asijue. Mtulize mtoto, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo hadi kifua na tumbo vionekane. Washa saa ya simu, kisha hesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa mtoto mchanga hupumua haraka kwa muda, kisha taratibu, na hesabu ya nusu itakudanganya. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari; ukizipata, rudia kuhesabu, na zikiwa zile zile usingoje. Wa miezi 2 hadi 11, mpaka ni 50. Wa mwaka 1 na kuendelea, kabla hajatimiza miaka 5, mpaka ni 40. Mtoto anayekohoa akifika hapo aonwe siku hiyo hiyo, hata kama mwili wake hauna joto.

Zipo pia dalili zisizohitaji saa. Mbavu za chini zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilala usingizi mzito asiamke mkimwita, ulimi ukibadilika rangi kuwa wa bluu. Na kwa kichanga cha chini ya miezi 2, homa peke yake inatosha, au mwili kuwa wa baridi, au kukataa ziwa. Hapo hata kama ni saa nane usiku, nendeni.

Na mtoto asiye na dalili hizo, anayenyonya, anayecheza, anayepumua chini ya mipaka hiyo? Huyo akae nyumbani. Anyonyeshwe mara kwa mara, na aliyevuka miezi 6 apewe uji na vinywaji vya vuguvugu. Afutwe kamasi kabla ya kula. Akiwa na homa apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe kabisa, maana mtoto mwenye homa ya mafua akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa ini na ubongo, adimu lakini wa kuua. Kisha ahesabiwe tena jioni na alfajiri. Mzazi afanyaye hivi hampuuzi mwanawe. Anamlinda kwenye foleni ya hospitali, ambako angekaa saa tano akikoholewa na watoto wengine, na anampisha mgonjwa ambaye kweli hali yake ni mbaya.

Sasa tuseme ukweli kuhusu yanayotuchelewesha. Tunaingia duka la dawa, tunasema "nipe dawa ya kifua ya mtoto," tunatoka na chupa ya antibaotiki na nyingine ya kikohozi. Mafua huletwa na virusi, na antibaotiki haiui virusi. Pale ambapo nimonia ya bakteria imeingia, amoksilini inaokoa sana, lakini kwa dozi iliyopimwa na baada ya mtoto kuonwa. Chupa ya kubahatisha hutunyang'anya siku mbili, na huenda siku mbili ndizo pekee mtoto alizokuwa nazo.

Lipo pia la kimeo. Bado wapo wanaompeleka mtoto anayekohoa kukatwa kimeo. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, anashindwa kunyonya kwa maumivu, na ugonjwa uko pale pale mapafuni ambako kimeo hakihusiki. Siwadharau wazee wetu. Walitibu kwa walichokuwa nacho. Lakini leo, mwenye zahanati umbali wa saa moja ambaye anaipita na kwenda kwa mkata kimeo anamnyima mwanawe nafasi ya kupona.

Na sisi akina baba. Mama ameona tangu jana kwamba mtoto anahema vibaya. Nauli iko mfukoni mwa mume, na mume yuko kibaruani au kijiweni, simu haipatikani. Mama anasubiri ruhusa, na mtoto hasubiri. Mwanaume mwenzangu, toa ruhusa hiyo leo mtoto akiwa mzima. Mwambie mkeo: ukihesabu ukaona zimevuka, usiniulize, nenda. Kisha acha fedha ya bodaboda mahali anapopajua, na isiguswe kwa jambo jingine lolote.

Wapo watakaosema nakuza jambo, kwamba mafua hayajapata kuua watu wengi huku kwetu. Nawakumbusha jirani zetu wa Madagaska. Mwaka 2002, Julai na Agosti, katika nyanda za juu za Fianarantsoa, watu walianza kufa kwa kukohoa na homa, wakiwemo watoto wengi wadogo. Mwanzoni ugonjwa wenyewe haukujulikana. Vipimo vilionyesha ni homa ya mafua aina ya A (H3N2), kirusi kile kile kilichokuwa kikizunguka dunia nzima msimu huo. Waliougua walipita 27,000 na waliokufa walikuwa takriban 800. Kirusi hakikuwa kikali kuliko kwingine. Watu walikuwa na utapiamlo, baridi ilikuwa kali, na tiba ilikuwa mbali. Mwishoni mwa 2024 huko Panzi, mkoa wa Kwango katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dunia ilishtuka tena kwa "ugonjwa usiojulikana" uliowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Ulipochunguzwa ukaonekana ni virusi vya kawaida vya njia ya hewa, malaria na utapiamlo vimekutana katika miili ile ile midogo. Baridi, mwinuko, njaa ya kabla ya mavuno, barabara mbovu: msomaji wa Makete aniambie ni kipi kati ya hivyo ambacho hakijui.

Mzigo huu hautabebwa na wazazi peke yao. Sera yetu ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure katika vituo vya umma. Bure hiyo itakuwa na maana pale tu vitu vitakapokuwepo. Kila zahanati inahitaji kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Kikisoma chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni bila mjadala. Muuguzi asiye nacho anakisia kwa macho, na akikisia vibaya, mtoto anarudishwa nyumbani kwenda kufa, au anapewa rufaa asiyoihitaji na kuzidi kuijaza wodi.

Kisha kuna oksijeni yenyewe, na hapa naomba madiwani wapige hesabu nami. Mtungi mkubwa hubeba lita 6,800. Mtoto mmoja akipewa lita 1 kwa dakika, mtungi humtosha siku 4 na zaidi. Wakiwa watoto watano, haumalizi siku. Wodi iliyojaa Julai inaweza kumaliza kwa wiki moja kile ambacho mwezi Februari kingekaa mwezi mzima. Mashine za kuchuja oksijeni hupunguza shida hiyo, lakini zinataka umeme usiokatika, jenereta yenye mafuta, na mtu wa kusafisha chujio zake kila wiki. Na mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1. Maana yake ni kwamba fedha mpya zinapoanza kusubiriwa, wodi zimeshajaa. Mitungi, amoksilini ya vidonge vya kuyeyuka na posho za zamu za ziada vipangwe katika fedha za mwaka unaoisha, viwe stoo kabla ya Mei kwisha. Halmashauri inayosubiri Agosti inanunua dawa za msimu uliopita.

Chanjo nayo isemwe. Chanjo ya nimonia imekuwa katika ratiba yetu tangu 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na ile inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja. Kisha surua na rubela katika miezi 9 na 18. Mzazi aliyeruka moja, arudi nayo sasa. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida. Naamini Wizara haina budi kuifikiria, ikianza na wajawazito wa mikoa ya baridi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kuchanjwa mafua, na kinga yake ya pekee ni ile anayorithi tumboni na kwenye ziwa la mama.

Wakati tunaisubiri, jiko la mkaa litoke chumbani anakolala mtoto. Moshi unachubua mapafu yake, na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua nyumba nzima. Mgeni mwenye kikohozi asimbusu mtoto. Mwalimu wa chekechea asimpokee anayehema, na asimlaumu mzazi aliyembakiza nyumbani.

Mwisho nawageukia wauguzi wa kliniki, ambao nawaheshimu kwa kazi ninayoijua. Siku ya kupima uzito, kabla hamjamrudishia mama kadi yake, mwombeni ahesabu pumzi za mwanawe mbele yenu, dakika nzima kwa saa ya simu yake. Asiyeweza, mfundisheni hapo hapo, na baba akiwa amemsindikiza, naye ahesabu.