Antena za Jeshi Ziundwe Hapa Kwetu

Mada yangu huenda ikawachekesha. Nadai kwamba antena za setilaiti ambazo wanajeshi hubeba nyikani zaweza kubuniwa hapa Kenya, tena na vijana wa mitaa kama hii yetu ya Makongeni.

Askari wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, hawakutarajia mnara wa simu kila kichaka. Huko mtu hutegemea setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Antena yake sharti ikunjike, iingie mkobani, tena itumie bendi kadhaa. Bendi ya Ka hupitisha habari nyingi lakini mvua kubwa huizima. Ile ya X, ambayo majeshi huipenda, huvumilia mvua zaidi. Moja ikigoma, unahamia nyingine.

Kazi ngumu iko hapo. Wimbi la Ka lina urefu wa sentimita 1 hivi, la X karibu 4. Dishi likijaa mabonyeo ya milimita 2, X itajikaza lakini Ka imekwisha. Na dishi lenyewe hukunjwa na kukunjuliwa kila siku!

Tena sisi tuko karibu na ikweta. Dishi la London huinamia upande, letu mara nyingine hulala likitazama juu kama karai, likikinga maji. Nani atalikumbuka hilo kama si mtu wa hapa?

Kuna wenzangu wanaosema mafundi wa Kamukunji ni wa masanduku na masufuria tu. Jamani! Mtu anayegonga bati likawa karai la mviringo, mpe kalibu na vipimo kamili uone. Sikatai, kile kipembe cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi hakigongwi kwa nyundo. Hicho ni cha maabara. Lakini Chuo Kikuu cha Nairobi, kikisaidiwa na Waitaliano na Wajapani, kilipata setilaiti yake ndogo angani mwaka 2018, nayo Taifa-1 ikarushwa 2023. Wataalamu tunao.

Wanaochukia habari za vita wakumbuke mafuriko ya Mai Mahiu, Aprili 2024. Mwokoaji naye huhitaji antena ya kubeba mgongoni.

Ombi langu kwa Wizara ya Ulinzi ni dogo: itoe vipimo vya dishi moja la mazoezi, mafundi na wanafunzi tujaribu. Tukishindwa, hasara ni bati tu.