Vitabu Vitoke Kabatini

Katika shule nyingi za msingi nchini vitabu vya hadithi vimo kabatini, na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu. Hatusemi haya kwa kuwalaumu walimu. Mwalimu amekabidhiwa mali ya serikali kwa orodha na saini. Kitabu kikichanika, yeye ndiye atakayeulizwa. Kitabu kisichosomwa hakimletei swali lolote.

Wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, yaonyesha wazi ubatili wa hadhari hiyo. Huko ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote nchini. Miezi ya masika mito ya Kiwira na Mbaka hufurika, na unyevu hauzuiwi na kufuli. Kitabu kilichofungiwa Kyela hakisalimiki: huliwa na ukungu na mchwa, badala ya kuchakazwa na vidole vya watoto.

Pana jambo la pili, ambalo msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda asilitambue upesi. Mtoto wa visiwani huzaliwa ndani ya Kiswahili. Mwenzake wa Ipinda au Matema huongea Kinyakyusa nyumbani. Yule wa Ikombe, kwa wafinyanzi wa vyungu, huongea Kikisi. Kwao hadithi ya kufurahisha si anasa ya baada ya masomo, bali ndiyo njia ya kuizoea lugha watakayofundishiwa na kutahiniwa. Mtaala wa mwaka 2015 ulitilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa mawili ya mwanzo, na ni vyema. Lakini hamu ya kufungua kitabu kwa hiari haipatikani kwa silabi peke yake.

Hamu hiyo haina budi kupangiwa wakati. Kipindi kimoja kwa juma kiandikwe katika ratiba, isiwe "nafasi ikipatikana". Mwalimu asome kwa sauti, akomee pale hadithi inaponoga, watoto wabashiri yatakayofuata, kisha waimalizie wenyewe. Bibi wa kijijini aalikwe asimulie ngano kwa Kinyakyusa. Wanafunzi waiandike kwa Kiswahili, waichore na kuishona kwa uzi, na maktaba itakuwa imepata kitabu kipya bila senti ya serikali. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umewahi kutumia hema za usomaji, ambamo watoto husoma, huigiza na huchora pamoja. Kyela hema la namna hiyo lisipigwe Aprili. Lingojee kiangazi, mpunga ukishavunwa.

Yote haya yatabaki maneno iwapo hofu ya kudaiwa haitaondolewa. Tunazishauri mamlaka zinazosimamia elimu na serikali za mitaa zitoe waraka mmoja: kitabu cha hadithi kilichochakaa kwa kusomwa kifutwe katika orodha, mwalimu asidaiwe. Naye mthibiti ubora wa shule, afikapo, aombe daftari la kuazima kabla ya orodha ya mali. Waraka huo ufike Kyela kabla ya masika.