Saa Moja kwa Vifaa Vyote vya Wodi

Moyo wa mgonjwa unaposimama, monita ya kitandani na mashine ya kushtua moyo huandika kila moja saa yake. Saa hizo zisipolingana, kumbukumbu yaweza kuonyesha kwamba mshtuko ulitolewa kabla ya moyo kusimama. Hapo haijulikani kama huduma ilichelewa, na ndugu hawapati jibu la hakika.

Chanzo si uzembe. Saa ya kwatzi inayokosea sehemu 20 tu katika milioni hupotoka zaidi ya dakika 10 kwa mwaka.

Fundi wa vifaa tiba anaweza kuitibu kasoro hii karakanani. Kipokezi cha mawimbi ya GPS, ambayo setilaiti zake hubeba saa za atomiki, kikiunganishwa na kompyuta ndogo, hugawa saa sahihi kwa vifaa vilivyo kwenye mtandao. Vingine hurekebishwa kwa mkono kwa kufuata saa hiyo hiyo.

Wapo wanaopinga vifaa vya kujiundia hospitalini. Hoja yao ina uzito kwa kifaa kinachomgusa mgonjwa, hiki hakimgusi. Kithibitishwe, kipewe mkaguzi wa kila mwezi, kisha kitumike. Kungojea bajeti si sababu ya kuziacha kumbukumbu za wagonjwa zipingane.